Waliniambia ni saratani ya ovari, kumbe ni TB ya tumbo

Kuna majuma ambayo niliishi nikijua nina saratani ya ovari iliyosambaa tumbo zima. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye jalada langu. Nilikuwa nimepangiwa upasuaji wa kuondoa kizazi, ovari zote mbili na ule utando wa mafuta unaofunika utumbo kwa mbele, kisha nianze dawa za saratani za kudungwa kwenye mshipa. Leo kizazi changu kipo, ovari zangu zipo, na ugonjwa niliotibiwa ulikuwa kifua kikuu ambacho hakikukaa kifuani. Naandika kwa sababu nilipotafuta mtu aliyepitia jambo hili nizungumze naye sikumpata. Tena yaliyoniokoa hayakuwa makubwa: maswali mawili matatu yaliyoulizwa mapema, na daktari mmoja aliyekataa kunipasua kabla ya kuona majibu ya kinyama, yaani kipande kidogo cha nyama kinachokatwa mwilini kikapimwe.

Ilianza kwa tumbo kujaa. Hata nikiamka asubuhi sijatia kitu mdomoni, nilikuwa nimevimbiwa. Sketi zikakataa kufunga ilhali mashavu na mikono vinakwisha. Watu wakanipongeza kwa ujauzito, nami nikachoka kukanusha. Jioni kulikuwa na homa ndogo, ile isiyomlaza mtu kitandani, na usiku jasho la kulowesha shuka. Kikohozi sikuwa nacho hata chembe, na nadhani hapo ndipo wengi walipopotea, maana ukitaja kifua kikuu kila mtu anatafuta kikohozi na makohozi yenye damu. Eksirei ya kifua ilitoka safi. Baadaye nikaelezwa kwamba wagonjwa wengi wa TB ya tumbo huwa na eksirei safi kabisa, na kwamba duniani takriban mgonjwa mmoja kati ya kila sita wa TB wanaoandikishwa ana TB iliyo nje ya mapafu: kwenye tezi, uti wa mgongo, figo, utando wa ubongo, au tumboni kama mimi.

Kabla ya hapo nilitibiwa gesi, nikatibiwa vidonda vya tumbo, nikatibiwa maambukizi ya njia ya mkojo. Tumbo likaendelea kukua. Ndipo nikafanyiwa utrasaundi, ikaonekana nina maji mengi tumboni na ovari moja imevimba. Nikapelekwa siti skani: utando wa tumbo umekuwa mnene, una vinundu, na tezi zimekua. Nikatolewa damu kupima CA-125, protini ambayo hupanda kwa saratani ya ovari. Kiwango cha kawaida ni chini ya uniti 35 kwa mililita; changu kilipita 600. Daktari aliyekuwa ananihudumia aliweka karatasi tatu mezani, akaniambia zote zinasema kitu kimoja.

Nimemfikiria sana daktari yule, na sitaki kumchora kama mzembe. Picha ya TB ya tumbo na picha ya saratani ya ovari iliyosambaa zinaweza kufanana kiasi kwamba hata mtaalamu wa picha mwenye miaka mingi kazini hawezi kuapa ni ipi. Maji yapo kotekote, utando mnene upo kotekote, kukonda, kukosa hamu ya kula, na hiyo CA-125 kupanda, vyote vipo kotekote. Na mara nyingi, hasa kwa mwanamke aliyekwisha koma hedhi, jibu huwa kweli saratani. Ninachomlaumu ni kimoja: aliniambia "una saratani" wakati alichokuwa nacho ni "nashuku saratani". Maneno hayo mawili hayana uzito sawa kwa mgonjwa aliyekaa upande wa pili wa meza.

Kuhusu CA-125, hili natamani kila mwanamke alijue kabla hajapewa karatasi yenye namba. Ni protini inayotolewa na seli nyingi za mwili, zikiwemo zile zinazotandaza ukuta wa ndani wa tumbo. Utando huo ukichokozwa na kitu chochote, namba inapanda. Hupanda kwa saratani ya ovari, ndiyo, lakini hupanda pia kwa endometriosisi (nyama kama ya ndani ya kizazi kuota nje yake), kwa maambukizi ya nyonga, kwa ini lililosinyaa, kwa ujauzito, hata wakati wa hedhi kwa baadhi ya wanawake. Kwa TB ya utando wa tumbo inaweza kufika mamia kwa urahisi. Kazi yake nzuri ni kufuatilia mgonjwa ambaye ugonjwa wake umeshajulikana. Mimi kipimo hicho kilirudiwa na kurudiwa, na kila mara tukilipia, ilhali hakuna uamuzi hata mmoja uliokuwa ukingoja majibu yake.

Siku zilizofuata sizikumbuki kwa mpangilio. Nakumbuka nilianza kugawa vitu kichwani: nani atachukua watoto, nani ajue namba ya siri ya benki. Mume wangu alikuwa anazungumza na watu wa bima nje ya mlango akidhani simsikii. Mama alikuja akakaa, hakuuliza kitu, akawa ananikanda miguu.

Aliyegeuza mambo ni wifi yangu, ambaye kazi yake ni ya maabara. Alichukua jalada akalisoma karatasi baada ya karatasi, bila haraka. Kisha akauliza:

"Wifi, haya maji waliyokutoa tumboni walipima nini?"

"Saratani."

"Na nini kingine?"

Sikuwa na jibu. Akanionyesha mstari mmoja kwenye ripoti: seli za saratani hazikuonekana, limfosaiti ni nyingi. Ripoti ile ilikuwa na sisi muda wote. Nilikuwa nimeambiwa kwamba kutoziona seli hakumaanishi hazipo, jambo ambalo ni kweli. Lakini hakuna aliyegusa ile nusu ya pili ya sentensi. Limfosaiti ni aina ya chembe nyeupe za damu, na zikijaa kwenye maji ya tumbo bila seli za saratani, TB inapaswa kuingia kwenye orodha. Wifi hakuniambia sina saratani. Aliniambia tu, "Hawajamaliza kuuliza."

Tukatafuta maoni ya daktari mwingine. Kwenda kwa daktari wa pili si kumtukana wa kwanza, na wa kwanza mwenyewe alipoombwa rufaa aliandika bila kinyongo. Kilichotugharimu ni kwamba hatukuwa na picha zenyewe za siti skani, tulikuwa na karatasi ya maelezo tu. Daktari mpya hakutaka kusoma maneno ya mtu mwingine, alitaka kuona kwa macho yake, na kule nilikopigwa wakasema zimeshafutwa kwenye mashine. Nikapigwa upya, nikalipa upya. Basi ukipigwa siti skani usiondoke bila diski au nakala kwenye simu, hata wakikuambia si lazima.

Daktari huyu wa pili alianza na swali ambalo sikuwahi kuulizwa: "Dada, umewahi kuishi na mtu mwenye TB?" Niliwahi. Miaka mingi nyuma nilimwuguza shangazi yangu, nikalala naye chumba kimoja, alitibiwa akapona na sote tukasahau. Vimelea vya TB vinaweza kulala mwilini miaka na miaka, kinga ikilegea vinaamka, na si lazima viamkie kwenye mapafu. Akauliza pia kama nina kisukari, kama natumia dawa zozote za kushusha kinga, kama nimewahi kupima virusi vya ukimwi. Nilipimwa siku hiyo hiyo. Akauliza habari za maziwa mabichi, kwa sababu kuna jamii ya vimelea hivi inayotoka kwa ng'ombe na kuingia kwa njia ya maziwa yasiyochemshwa.

Nikatolewa maji tena. Safari hii yaligawanywa kwenye chupa kadhaa na kila chupa ikawa na safari yake, na hapa nitaenda taratibu kwa sababu ndiyo sehemu ninayoulizwa zaidi. Chupa moja ilikwenda kutafutwa seli za saratani kwa mara nyingine. Nyingine ilikwenda kupimwa protini, hasa ile iitwayo albumini, huku damu yangu nayo ikipimwa albumini siku hiyo hiyo, maana wanatoa moja kwenye nyingine: tofauti ikiwa chini ya gramu 1.1 kwa desilita, maji hayo kwa kawaida hayatokani na ini lililosinyaa, na utando wenyewe unashukiwa. Haitenganishi TB na saratani, lakini inapunguza njia za kupotelea. Nyingine ilikwenda kupimwa ADA, kimeng'enya kinachopanda sana kwenye maji ya TB. Wengi hutumia mpaka wa karibu uniti 39 kwa lita, na changu kilikuwa juu ya hapo kwa mbali. ADA ni kipimo rahisi, si cha gharama kubwa, na bado kilikuwa hakijafikiriwa. Lakini nacho kina mipaka yake, kwa sababu baadhi ya saratani, hasa za tezi za limfu, hukipandisha pia. Na chupa ya mwisho ilikwenda kutafutwa vimelea vyenyewe: kwa darubini, kwa GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya vimelea vya TB, na kwa kuoteshwa maabara.

Darubini haikuona kitu. GeneXpert haikuona kitu. Nyumbani kukazuka ubishi. Shemeji yangu, kwa nia njema kabisa, akasema, "Shemeji, mashine imeshasema hakuna TB, tunapoteza muda, turudi tukapasuliwe." Ilibidi daktari atuketishe. TB ya kwenye utando wa tumbo ina vimelea vichache mno ndani ya maji. Darubini huviona kwa wagonjwa wapatao 3 katika kila 100, na GeneXpert, hodari kwa makohozi, kwenye maji ya tumbo hukosa wengi. Kuotesha nako huchukua hadi wiki 8, na hukosa wengi vilevile. Kwa hiyo majibu ya "hakuna" kwenye maji ya tumbo hayafuti TB. Yakiwa ya "ipo" unayashika. Yakiwa ya "haipo" unaendelea kutafuta.

Mtu anaweza kusema, basi si wangekupa dawa za TB waone? Nilimwuliza hivyo, maana nilikuwa naogopa kisu. Alikataa. Kama ningekuwa na saratani, ningetumia dawa za TB kwa majuma nikidanganyika huku yenyewe inasonga. Pia wapo watu wenye vyote viwili kwa pamoja. Alitaka nyama mkononi.

Kinyama kilichukuliwa kwa upasuaji wa matundu madogo. Unapewa nusu kaputi, wanatoboa karibu na kitovu, wanaingiza kamera. Niliondoka na vidonda vidogo ambavyo leo lazima uvitafute ndipo uvione. Ndani walikuta vinundu vyeupe vidogo vidogo vimetapakaa kwenye utando mzima, na utumbo umeanza kushikana sehemu sehemu. Daktari alinieleza kabla kwamba vinundu hata vikionekana kwa kamera bado vinaweza kumdanganya mtu, ndiyo maana vinakatwa.

Sasa sikiliza hili, kwa sababu linaharibika mara nyingi na mgonjwa hana habari. Wifi alinituma nimwulize daktari kama kinyama chote kitatiwa kwenye fomalini. Fomalini ndiyo dawa ya kuhifadhi nyama ili mtu wa patholojia aitazame, lakini inaua vimelea, na vikishakufa haviwezi kuoteshwa. Kipande kimoja kiende kwenye fomalini, kingine kiwekwe kwenye maji safi ya chumvi kiende maabara ya TB. Daktari alitabasamu, akasema alikuwa amepanga hivyo. Sikujali kama nimeonekana mjuaji. Uoteshaji wa kile kipande cha pili ndio uliokuja kuthibitisha baadaye kwamba vimelea vyangu vinasikia dawa za kawaida, jambo ambalo darubini ya patholojia isingeweza kuniambia.

Wakati wa kungoja majibu nililala kitanda jirani na mama mmoja aliyekuja na karatasi kama zangu: maji, utando mnene, CA-125 juu. Tulizoeana. Tulikuwa tunahesabiana nani ameamka na jasho na nani hajaamka nalo, kana kwamba jasho lingetuamulia. Majibu yangu yalirudi: granuloma, yaani vifundo vya chembe za kinga, zenye nyama iliyokufa katikati, picha ya TB, hakuna saratani. Ya kwake yalikuwa saratani. Siku ile nilitoka nje ya wodi kumpigia mume wangu simu kwa sababu sikuweza kufurahi mbele yake. Simulizi hii naomba asiitumie mtu kumpa mgonjwa wake matumaini yasiyo na msingi. Yule mama naye alistahili kinyama chake kichukuliwe kwanza, na kwake kilimsaidia vilevile: alianza matibabu sahihi akijua anatibiwa nini, na aina gani.

Furaha yangu, nayo, ilikuwa ya ajabu. Nilicheka, nikalia, halafu kwa siku nyingi nikawa na hasira nisiyojua pa kuipeleka. Nilikuwa nimekwisha kujizoeza kufa. Kurudi kwenye mambo ya ada za shule na bomba linalovuja kulinichukua muda kuliko nilivyotegemea, na hakuna aliyenielewa kwa sababu kila mtu alikuwa anashangilia.

Halafu TB ina fedheha zake. Wale waliokuja kunilia nikiwa na saratani, baadhi yao waliacha kuja niliposema ni TB. Mmoja alinitengea kikombe. Ukweli ni kwamba TB ya tumbo peke yake haiambukizi kwa hewa; inayoambukiza ni ya mapafu na ya koo. Nilipimwa makohozi kuhakikisha, ingawa sikuwa nakohoa, na familia nzima ikachunguzwa, zaidi kwa sababu chanzo kinaweza kuwa mtu wa nyumbani. Baada ya hapo nilikuwa naisoma karatasi ya majibu kwa sauti kwa yeyote aliyesogeza kiti.

Matibabu yalikuwa ya miezi 6, yale yale ya TB ya mapafu: miezi 2 ya dawa nne, rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli, kisha miezi 4 ya rifampisini na isoniazidi. Katika nchi nyingi dawa hizi hutolewa bure, kwa hiyo kilichotumaliza mfukoni kilikuwa vipimo vya kabla yake. Idadi ya tembe hupangwa kwa kilo zako, basi ukinenepa waambie wakupime upya. Mkojo, machozi na jasho vinageuka rangi ya chungwa. Usipoambiwa mapema utadhani unakojoa damu. Nilipewa vitamini B6 kuzuia ganzi ya miguu inayoletwa na isoniazidi. Viungo viliniuma katika ile miezi ya mwanzo, kazi ya pirazinamidi. Macho yakianza kuona ukungu au kuchanganya rangi nyekundu na kijani, ni ethambutoli, usingoje kliniki ijayo. Macho yakiwa ya manjano, kutapika kusikokoma, mkojo mweusi kama kahawa, ni ini, rudi siku hiyo hiyo. Na kwa wanawake: rifampisini inadhoofisha vidonge vya uzazi wa mpango na vipandikizi, muulize mhudumu njia nyingine.

Homa ilitangulia kuondoka, kisha jasho. Maji ya tumbo yalichukua muda zaidi, na kuna kipindi tumbo lilijaa tena kidogo nikapata hofu kwamba wamekosea. Nilielezwa kwamba kwa baadhi ya watu hali huchafuka kwanza baada ya kuanza dawa, kinga inapoamka, na kwamba hilo linapaswa kuchunguzwa, si kupuuzwa na wala si sababu ya kuacha dawa. CA-125 ilipopimwa mwishoni ilikuwa imerudi kwenye kiwango cha kawaida bila kisu wala dawa ya saratani.

Hatari kubwa ilikuja nilipopata nafuu. Hamu ya kula imerudi, kilo zimerudi, na bado una miezi ya kumeza tembe asubuhi kabla ya kutia kitu tumboni. Mume wangu alibandika karatasi ya tarehe kwenye mlango wa kabati na kila siku mtoto wetu mdogo ndiye aliyekata alama. Akinikuta nimesahau, alikuwa haniachi.

Makovu yamebaki ndani. Pale utumbo uliposhikana huwa panavuta nikila sana, na nimeambiwa panaweza kuziba siku moja: tumbo likivimba ghafla, nikatapika, nikashindwa kupata choo wala kupitisha hewa, nisinywe dawa ya gesi nyumbani, niende hospitali na niwaambie mapema kwamba niliwahi kuwa na TB ya tumbo. Mirija ya uzazi nayo huweza kuathirika; yangu bado inafuatiliwa. Jalada lote, diski za picha na ripoti ya patholojia viko kwenye bahasha moja chini ya kitanda, na wifi ana nakala.